Mafundi wa intaneti walivyonifundisha kuandika sheria

Mara ya kwanza kusikia watu wazima wakiguna kwa pamoja ukumbini ili kufikia uamuzi, nilidhani ni utani. Ilikuwa kwenye mkutano wa IETF, jumuiya ya wahandisi wanaoandika itifaki, yaani kanuni ambazo kompyuta huzifuata ili ziwasiliane kwenye intaneti. Nilikaa safu ya nyuma na daftari langu la kiwakili. Mwenyekiti akasoma swali kuhusu rasimu iliyokuwa mezani, akasema wanaotaka iendelee wagune. Ukumbi ukavuma kama mzinga wa nyuki. Akasema tena, wasiotaka nao wagune. Kona ya kushoto zikasikika sauti tatu au nne, nyembamba, karibu za aibu. Mimi nilishaandika daftarini, "Imepita." Kumbe bado. Mwenyekiti aliwageukia wale wa kona ya kushoto akawauliza, "Tatizo ni nini hasa?" Muda wote uliobaki wa kikao ukaenda kwao.

Nilitoka kwenye kazi ambayo wachache wakishahesabiwa hawana tena cha kusema. Kamati inapiga kura, katibu anaandika matokeo, kikao kinafungwa. Wakati wa mapumziko nikaelezwa kwamba IETF haina wanachama. Anayeingia mlangoni, au anayejiunga kwa kompyuta kutoka nyumbani kwake, ni mshiriki. Sasa kama hujui mwanachama ni nani, kura unampigisha nani? Mtu angeweza kuleta basi zima la watu wake akashinda. Mwaka 1992 David Clark, mmoja wa wahandisi wa mwanzo wa intaneti, aliwaambia wenzake kwamba wao wanakataa wafalme, marais na kupiga kura, na wanachokiamini ni makubaliano ya jumla na programu inayofanya kazi. Kuguna ni kupima upepo wa ukumbi tu. Pingamizi likitolewa si lazima likubaliwe, ila lazima lijibiwe kwa hoja. Likikosa jibu, hata liwe la mtu mmoja, rasimu inarudi mezani.

Usiku ule sikulala vizuri. Miezi michache kabla yake nilikuwa nimeandika, kwa mkono wangu mwenyewe, kwenye ripoti ya kamati yetu: "Maoni ya wachache yalisikilizwa." Yalisikilizwa na nani, na yakajibiwa nini? Hata mimi niliyekuwemo chumbani nisingeweza kusema.

Kazi yangu ni kuandika rasimu za sheria. Sera siiamui mimi. Nakabidhiwa sera, naitafutia maneno. Kwa miaka kadhaa nilikuwa katibu wa kamati zilizoandaa sheria za mambo ya mtandao, kwanza ya miamala ya kielektroniki, kisha ya ulinzi wa taarifa binafsi. Katika ile ya kwanza nilifanya kosa ambalo mpaka leo linaniuma.

Kulikuwa na swali la zamani: sheria inapotaka jambo liwe "kwa maandishi", je, ujumbe uliomo kwenye kompyuta ni maandishi? UNCITRAL, tume ya Umoja wa Mataifa ya sheria za biashara ya kimataifa, ilishalijibu kwenye sheria yake ya mfano ya mwaka 1996. Jibu lake ni fupi. Sharti la maandishi limetimizwa ikiwa taarifa iliyomo inaweza kufikiwa ili itumike tena baadaye. Basi. Halitaji karatasi wala mashine. Mimi nikalisoma nikaliona limelegea, nikataka kuonyesha umakini. Nikaorodhesha: faksi, teleksi, disketi, diski ya kompyuta. Niliipenda orodha yangu. Muswada ukazunguka meza hadi meza, na ulipokuwa unazunguka disketi zikatoweka duniani, watu wakahamia kwenye simu, na kifungu changu kikabaki kinalinda vitu ambavyo vijana wa ofisini hawajawahi kuvishika. Tuliokolewa na maneno manne ambayo mjumbe mmoja aliyachomeka mwishoni: "au njia nyingine yoyote". Nilikuwa nimeyapinga.

Katika kamati ya pili tukaletewa mhandisi. Mzee mkimya, ambaye sehemu kubwa ya maisha yake ilipita akihudumia seva za majina ya vikoa, zile zinazogeuza jina la tovuti kuwa namba ambayo kompyuta inaielewa. Siku ya kwanza alichukua nakala yangu ya rasimu, akatoa kalamu nyekundu mfukoni, akaanza kuzungushia maneno. Hakufuta hata moja. Alipomaliza ukurasa wa tatu nikaona ni maneno yaleyale: "mamlaka husika", "hatua stahiki", "kwa wakati muafaka", "itahakikishwa kwamba".

"Wakili," akaniambia, "hapa umeandika itahakikishwa. Nani ataamka asubuhi aende akahakikishe?"

"Mzee, hiyo ndiyo lugha ya sheria."

"Nimeelewa. Nauliza ni nani. Mimi seva yangu nikiiambia ichukue hatua stahiki, itanikodolea macho tu."

Wajumbe wakacheka. Mimi nilikasirika, sifichi. Lakini nyumbani nikaisoma rasimu upya na nikaona alichokiona. Kiswahili chetu cha ofisini kimejaa vitenzi visivyo na mwenyewe: imebainika, imeelekezwa, itatekelezwa. Tunajificha humo kama watoto nyuma ya pazia, miguu ikionekana.

Kesho yake akaniletea kurasa chache alizozichapisha. Juu yake pameandikwa RFC 2119, Machi 1997. Herufi hizo tatu maana yake ni ombi la maoni, jina la unyenyekevu lililobaki tangu Aprili 1969, wakati Steve Crocker, akiwa bado mwanafunzi wa chuo kikuu, alipoandika ile ya kwanza na kuogopa isije ikasikika kama amri. Mpaka leo nyaraka ambazo intaneti nzima inazifuata zinaitwa maombi ya maoni. Sisi hata tangazo la kubadilisha saa za kikao tunaliita agizo.

RFC 2119, iliyoandikwa na Scott Bradner, kazi yake ni moja: kueleza maneno machache yanabeba uzito gani yakiandikwa kwa herufi kubwa. La kwanza ni la lazima, halina mjadala. La mwisho ni la hiari. Lililonishika ni la katikati, ambalo mimi naliita INAPASWA. Waraka unasema kunaweza kuwepo sababu halali ya kuliacha jambo hilo katika mazingira fulani, lakini anayeliacha awe ameelewa na kuyapima madhara yote kabla ya kushika njia nyingine. Nilishinda na sentensi hiyo mchana kutwa. Sheria zetu hazina neno la namna hiyo, lenye kumpa mtu nafasi na kumdai maelezo kwa pamoja.

Nikachukua kalamu za rangi tatu nikaanza kuwinda neno "itapaswa" kwenye rasimu yangu. Kijani, pale lilipomaanisha lazima na adhabu ipo. Bluu, pale lilipomaanisha ingekuwa vizuri. Nyekundu, pale kamati ilipokuwa haijakubaliana na mimi nikaufunika mfarakano kwa neno lenye sauti nzito. Rangi nyekundu ndiyo iliyojaa.

Kifungu kilichotutoa jasho kuliko vyote ni cha kuarifu pale taarifa za watu zinapovuja. Mwanzoni kilisema taasisi itamwarifu mdhibiti "bila kuchelewa". Kalamu nyekundu ikapita. Tukaangalia wenzetu: kanuni ya Umoja wa Ulaya, ile inayojulikana kwa herufi GDPR, imeweka saa 72 tangu taasisi ilipotambua uvujaji. Tukaichukua namba hiyo. Nilidhani tumemaliza, mzee akanyoosha mkono. "Taasisi inatambua saa ngapi?"

Swali lilionekana la kitoto. Lilikula vikao vyetu viwili. Chukulia ni usiku wa Jumamosi. Kijana wa zamu anaona kwenye kumbukumbu za seva kwamba akaunti moja imepakua rekodi nyingi kuliko kawaida yake. Anashuku, hana hakika. Jumapili anamtumia mkuu wake ujumbe. Mkuu yuko safarini, anausoma Jumatatu. Jumatatu mchana wanathibitisha kwamba kweli zimetoka. Mkurugenzi anaambiwa Jumanne, baada ya kikao. Sasa hizo saa 72 zinaanzia wapi? Mwakilishi wa makampuni alishikilia Jumanne, kwa hoja kwamba kampuni inajua pale tu uongozi unapojua. Mwakilishi wa watumiaji alishikilia Jumamosi, kwa hoja kwamba kijana wa zamu naye ni kampuni. Walipandishiana sauti hadi mwenyekiti akaomba madirisha yafungwe.

Ulaya wamelitatua kwa kusema saa inaanza taasisi inapokuwa na uhakika wa kutosha kwamba tukio limetokea, na kwamba uchunguzi wa awali usiburuzwe. Kwa mfano wetu ni Jumatatu. Tukakubali hivyo, lakini mwakilishi wa watumiaji akabaki na kinyongo, na kinyongo chake kilikuwa na haki: nani atazuia mtu kuivuta hiyo Jumatatu hadi Ijumaa? Mimi nilianza kuandika aya ndefu yenye "kwa bidii inayostahili". Mzee akasema hapana, weka visanduku viwili kwenye fomu. Kimoja: dalili ya kwanza ilionekana lini, saa ngapi, na nani. Kingine: ilithibitishwa lini, saa ngapi, na nani. Anayejaza visanduku hivyo ameshajieleza mwenyewe. Aya yangu niliikunja nikaiweka mfukoni.

Asidhaniwe kwamba mzee alikuwa sahihi kila mara. Kwenye ridhaa, yaani mtu kukubali taarifa zake zitumiwe, tuligombana mpaka tukapita siku mbili bila kusalimiana vizuri. Yeye alitaka mambo yawe mepesi: tovuti iweke kisanduku kilichokwisha kutiwa alama ya kukubali, asiyetaka aiondoe. Nikamwambia mtu aliyenyamaza hajakubali, amenyamaza. Akasema watu hawasomi, utawachosha kwa maswali. Nikasema kama hawasomi basi ndiyo maana usiwachukulie ukimya wao. Tukabishana bila mwisho, kamati ikanipa mimi. Tarehe 1 Oktoba 2019 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ikaamua katika kesi ya Planet49 kwamba kisanduku kilichotiwa alama kabla si ridhaa. Nilimtumia hukumu. Akajibu neno moja, "Nimesoma." Ila tukiwa wakweli, na yeye alikuwa na lake. Watu kweli wamechoshwa na maswali, wanabonyeza "nakubali" kama anayefukuza nzi.

Kosa langu la pili lilikuwa la imani. Niliamini kila kilicho wazi ni kizuri. Enzi hizo ukisajili jina la kikoa, jina lako, anwani, simu na barua pepe viliingia kwenye daftari la WHOIS, na kwa vikoa vingi vya kimataifa mtu yeyote duniani aliweza kuvisoma. Nilisimama mbele ya kamati nikatetea kwamba sheria yetu ilazimishe hivyohivyo kwa kila kikoa. Nilitumia hata ule usemi wa kizembe kwamba asiye na la kuficha haogopi. Wiki zilezile nikasajili kikoa changu kwa ajili ya maandishi yangu, nikajaza fomu kwa ukweli wote, maana mwanasheria hadanganyi kwenye fomu.

Kwanza zikaja simu za watengeneza tovuti. Zile unazizoea. Kisha ikaja barua iliyotengenezwa ifanane na ankara, ikinitaka nilipie "kuhuisha" kikoa kwa kampuni ambayo sikuwa na shughuli nayo yoyote. Nilikaribia kulipa. Kisha mtu mmoja ambaye hakupenda nilichokiandika akanipigia saa nane usiku. Hakunitukana. Alinisomea anwani ya nyumba yangu, taratibu, kipande kwa kipande, akakata.

Niliporudi kamatini kuomba kifungu kile kiondolewe, mjumbe mmoja akasema kwa upole, "Kumbe mpaka likukute." Sikuwa na jibu. Mwanamke mmoja alikuwa amekuja kutoa maoni yaleyale wiki nyingi nyuma, na mimi ndiye niliyeyaweka kwenye ile sentensi ya wachache waliosikilizwa.

Duniani nako mambo hayakwenda kwa utukufu. GDPR ilipitishwa Aprili 2016, ikapewa miaka miwili kabla ya kuanza kutumika tarehe 25 Mei 2018. ICANN, shirika lisilo la faida linaloratibu majina ya vikoa, ilipitisha masharti yake ya muda kuhusu daftari hilo tarehe 17 Mei 2018. Zilibaki siku nane. Nimekuwa na wateja wa namna hiyo, nawajua. Taarifa nyingi za waliosajili zikafunikwa, na wapelelezi wa uhalifu, ambao nao wana haja halali, wakajikuta nje ya mlango wakigonga. Dawa iliyokuja ni nusu ya kisheria na nusu ya kiufundi. Tangu tarehe 28 Januari 2025 wasajili wa vikoa vya jumla, kama .com, hawalazimiki tena kutoa huduma ya WHOIS. Nafasi yake imeshikwa na itifaki ya RDAP, ambayo imeundwa iweze kutofautisha nani anauliza na apewe kiasi gani. WHOIS haikujua kuuliza swali hilo. Ilikuwa inampa kila mtu kila kitu, akiwemo yule wa saa nane usiku.

Baada ya yote hayo ungetegemea niseme maneno ya wazi ndiyo mema daima. Nilikuwa hivyo kwa muda, mpaka nilipokaa na nyaraka za Mkutano wa Kilele wa Dunia kuhusu Jamii ya Habari. Awamu ya kwanza ilikuwa Geneva, Desemba 2003, ya pili Tunis, Novemba 2005. Ugomvi mkubwa ulikuwa nani aitawale intaneti: serikali, au mafundi na mashirika yao, au wote. Maelezo yaliyokubaliwa Tunis yanasema utawala wa intaneti ni kanuni na taratibu zinazoundwa na kutumiwa na serikali, sekta binafsi na asasi za kiraia, "kila mmoja kwa nafasi yake". Nafasi yake ipi? Hapo baadhi ya serikali zilisoma kwamba sera ni zao, wengine wakasoma kwamba meza ni moja. Kalamu nyekundu ingezungushia mpaka wino uishe. Lakini bila maneno hayo wasingetoka Tunis na kitu, na miongoni mwa walichotoka nacho ni Jukwaa la Utawala wa Intaneti, IGF, lililokutana kwanza Athens mwaka 2006.

Nililidharau jukwaa hilo. Haliamui, halisaini, halipitishi azimio linalomfunga mtu. Nilipohudhuria, mkuu wa ofisi moja ya ulinzi wa taarifa, nchi siitaji, alisema mbele ya watu kwamba sheria yake ina kurasa nyingi na ofisi yake ina wafanyakazi watatu, mmoja wao dereva. Hakuna kikao cha kutunga maazimio ambacho angethubutu kusema hivyo. Nilirudi na swali hilo la wafanyakazi, likaingia kwenye muswada wetu: mdhibiti akasirike au asikasirike, kila mwaka atangaze ana watu wangapi na malalamiko mangapi hayajafunguliwa.

Kitu kingine nilichokiiba huko nje ni jedwali. Mwaka 2014 serikali ya Marekani ilitangaza iko tayari kuachia usimamizi wake juu ya IANA, kazi ya kutunza madaftari makuu ya majina na namba za intaneti, na mkataba wake na ICANN ukamalizika tarehe 1 Oktoba 2016. Katikati hapo mapendekezo yaliwekwa hadharani, yeyote atoe maoni. Nikatuma yangu, aya tano nilizozionea fahari. Yalikataliwa. Kwenye jedwali kulikuwa na hoja yangu, na mbele yake sentensi mbili za kwa nini haikubaliki. Sijawahi kufurahi kukataliwa kiasi kile. Mtu alinisoma!

Jedwali hilo nikalipeleka kwenye kamati yetu kama lilivyo: safu ya maoni, safu ya jibu, safu ya kifungu kilichobadilika. Siku ya kulijaza mara ya kwanza safu ya tatu ilikuwa tupu kuanzia juu hadi chini. Tulikaa tukaitazama. Hakuna aliyetaka kuituma hivyo, basi tukafungua tena rasimu.

Nisiwapambe sana mafundi. Mlango wao uko wazi, lakini mlango kuwa wazi na kila mtu kuwa na nauli ni mambo mawili. Wanaohudhuria mfululizo, mara nyingi, ni wale wanaolipwa na makampuni makubwa wahudhurie. Nyaraka zao ni za Kiingereza, na anayefikiri kwa lugha nyingine anafika kwenye mjadala wakati wenzake wameshahamia jambo la pili. Mimi Kiingereza ninacho, na bado mara nyingi nimebaki na hoja mdomoni, nikitafuta neno, mpaka mwenyekiti akasema tunaendelea.

Lakini kuna jambo moja ambalo sijaona ofisi ya sheria ikilifanya, nami nililitazama kwenye skrini, nyumbani, miguu juu ya kiti. Daftari kuu la majina ya vikoa hulindwa kwa ufunguo wa siri wa kihesabu, na karibu mara nne kwa mwaka hufanyika sherehe ya kuutumia, katika moja ya majengo mawili huko Marekani, El Segundo au Culpeper. Usidanganywe na neno sherehe. Inachosha kuliko kusomewa bajeti. Watu kutoka nchi mbalimbali, wasio waajiriwa wa ICANN, wanakuja na funguo za visanduku vinavyohifadhi kadi za kuiamshia mashine inayoutunza ufunguo huo, na wasipofika angalau watatu kati ya saba mashine haiamki. Kila hatua imeandikwa mapema kwenye karatasi: fungua sefu, toa mfuko, soma namba ya mfuko kwa sauti, linganisha na namba iliyoandikwa mara iliyopita. Hatua ikikamilika inaandikwa saa na kutiwa saini fupi. Yote yanarushwa mubashara.

Februari 2020 kufuli la sefu moja kule El Segundo liligoma. Sherehe ikaahirishwa kwa siku chache, akaletwa fundi, sefu likatobolewa kwa drili. Wakaeleza hadharani ni sefu lipi, limegoma vipi, na nini kitafuata. Ofisi ninazozijua zingetoa taarifa ya kuahirisha kwa "sababu zilizo nje ya uwezo wetu", na fundi angeingizwa kwa mlango wa nyuma. Mimi, niliyekuwa nikiitazama intaneti kama kitu cha watu wenye akili nyingi, niliona watu wazima wamekwama nje ya sefu kama mtu aliyesahau ufunguo wa nyumba, na imani yangu kwao ikapanda.

Nikaandika jedwali la mwisho la muswada kwa mtindo huo. Mdhibiti anapokea lalamiko: nani analipokea, anaandika saa ngapi, anampa mlalamikaji namba gani, siku ya ngapi lazima ajibu, na asipojibu nani anaona. Wakubwa wakakata karibu nusu. Nusu iliyobaki ilisimama.

Rasimu ya mwisho nikampelekea mzee, aliyekuwa ameshastaafu, hata kwenye kamati yenyewe. Ilirudi baada ya wiki moja. Nikafunua kurasa, safi, safi, safi. Karibu na mwisho, kwenye kifungu kinachosema nani atashughulikia malalamiko dhidi ya taasisi za umma zenyewe, kulikuwa na duara moja jekundu. Ndani yake: "mamlaka husika".

Nikampigia. "Umeiona, mzee."

"Nimeiona. Ni nani?"

"Hawajakubaliana."

Akakaa kimya kidogo. "Basi andika hivyo. Andika hawajakubaliana."

Sheria haiandikwi hivyo, nikamwambia, naye akasema anajua. Kifungu kilipita kama kilivyo. Leo anayelalamikia taasisi ya umma hupeleka barua ofisi moja, inamwelekeza ofisi ya pili, ya pili inamrudisha ya kwanza, na majibu ya ofisi zote mbili yananukuu kifungu changu, neno kwa neno, bila kukosea.